Vyombo vya Habari na Uamuzi wa Mgonjwa

Mgonjwa anapoketi mbele ya daktari, mara nyingi huwa amekwishapata ushauri mwingine. Ameusikia redioni, ameuona katika televisheni, ameusoma gazetini au ametumiwa na jamaa yake kwa simu ya mkononi. Huenda ushauri huo ndio uliomleta kliniki mapema. Huenda pia ndio uliomchelewesha hadi ugonjwa ukakomaa. Kwa hiyo ushawishi wa vyombo vya habari si suala la waandishi na wanasiasa pekee. Ni suala la tiba, na mhudumu wa afya pamoja na mgonjwa wanapaswa kulielewa.

Namna ushawishi unavyofanya kazi

Vyombo vya habari humwathiri mtu kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni uteuzi wa mada. Jambo linalotangazwa kila siku huonekana kubwa kuliko lisilotajwa. Mlipuko wa ugonjwa wa kuambukiza hutawala taarifa za habari kwa wiki nyingi, ilhali shinikizo la juu la damu, ambalo huharibu moyo, figo na ubongo bila dalili yoyote, ni nadra kupewa nafasi hiyo. Jamii huishia kuogopa kinachotangazwa na kupuuza kinachoua kimyakimya.

Njia ya pili ni urudiaji. Kauli inayosikika mara kwa mara huzoeleka, na kilichozoeleka hudhaniwa kuwa kweli hata kama hakijathibitishwa. Hii ndiyo sababu tangazo moja la biashara hurushwa mara nyingi kwa siku.

Njia ya tatu ni mfano wa kuigwa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1961 nchini Marekani, mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake walionyesha kwamba watoto waliomtazama mtu mzima akimshambulia mwanasesere walielekea kuiga ukatili huo. Binadamu hujifunza kwa yanayompata mwenyewe na pia kwa kutazama yanayowapata wengine. Akiona tendo limemletea mwingine faida, hushawishika kulifuata. Akiona limemletea msiba, hujihadhari nalo.

Redio ilipookoa maisha

Tanzania ina ushahidi mzuri wa upande wa manufaa. Mnamo Julai 1993, Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa kuigiza uitwao Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI. Mhusika mmojawapo, Mkwaju, alikuwa dereva wa lori mwenye wapenzi wengi, ambaye hatimaye aliugua UKIMWI. Mkewe, Tunu, aliamua kujitegemea. Wasikilizaji hawakuhubiriwa, walifuatilia maisha ya watu waliofanana na majirani zao, wakaona kila uamuzi ulivyozaa matokeo yake.

Kwa miaka miwili ya mwanzo, kituo cha Dodoma hakikurusha mchezo huo, na eneo hilo likatumika kuwa la kulinganishia. Watafiti walibaini kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi katika maeneo yaliyousikia mchezo kuliko Dodoma, na kwamba wasikilizaji waliripoti kupunguza idadi ya wapenzi na kutumia kondomu zaidi. Baadhi ya wateja wapya wa kliniki waliutaja mchezo huo kuwa ndio uliowasukuma kwenda kupata huduma. Mchezo uliporushwa Dodoma kuanzia mwaka 1995, mabadiliko ya namna hiyo yalionekana huko pia.

Habari zilipoujaza uwanja wa Samunge

Upande wa pili ulionekana mwaka 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kwa jina la Babu wa Loliondo, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga katika kijiji cha Samunge kwa shilingi 500. Ilidaiwa kwamba dawa hiyo huponya kisukari, saratani, UKIMWI na maradhi mengine sugu. Habari hizo zilipoenea magazetini, redioni na katika televisheni, maelfu ya watu kutoka Tanzania na nchi jirani walimiminika huko. Foleni za magari zilifika kilomita nyingi. Wapo waliotoka hospitalini wakiwa mahututi, na wapo waliofariki kabla ya kukifikia kikombe.

Madhara mengine hayakuonekana kwenye foleni. Baadhi ya wagonjwa waliorudi nyumbani waliacha dawa zao wakiamini wamepona. Hapa ndipo elimu ya tiba inapohitajika. Mtu anayetumia vyema dawa za kufubaza VVU huwa na virusi vichache mno katika damu. Akiziacha, hajisikii mgonjwa siku ileile. Pengine hujiona ana nafuu, kwa kuwa maudhi ya dawa yameondoka. Ndani ya wiki chache virusi huanza kuongezeka tena, kinga hushuka, na magonjwa nyemelezi hufuata baadaye. Vivyo hivyo, mwenye shinikizo la damu aliyeacha vidonge anaweza kukaa miezi bila dalili hadi apate kiharusi. Anayetegemea insulini ana muda mfupi zaidi: akiiacha, anaweza kupoteza fahamu na kufa ndani ya siku chache.

Mwandishi aliyefika Samunge aliweza kumhoji mtu aliyejisikia vizuri jioni ileile. Aliyezidiwa miezi mitatu baadaye, kijijini kwake, hakuwa na kipaza sauti mbele yake. Ushuhuda wa mtu mmoja, hata ukiwa wa kweli kwake, hauonyeshi ni wangapi hawakupona.

Namna ya kuripoti nayo ina uzito

Habari ya kweli pia inaweza kudhuru kwa namna inavyosimuliwa. Mjini Vienna, Austria, magazeti yalikuwa yakiripoti kwa mbwembwe watu waliojiua katika reli ya chini ya ardhi. Katikati ya mwaka 1987 wataalamu waliwapa waandishi mwongozo wa kuripoti kwa kiasi. Kati ya nusu ya kwanza na ya pili ya mwaka huo, matukio ya kujiua na majaribio yake katika reli hiyo yalipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri vyombo vya habari visieleze njia iliyotumika, visilipambe tukio, na vitaje mahali pa kupata msaada.

Wajibu wa mhudumu na wa mgonjwa

Mhudumu wa afya aanze kwa kuuliza: "Umesikia nini kuhusu ugonjwa huu, na umejaribu dawa gani?" Aulize bila dharau wala hasira. Mgonjwa aliyekemewa hatasema tena ukweli, na ataendelea kuchanganya dawa kwa siri. Baada ya kusikiliza, mhudumu aeleze kwa lugha nyepesi na atumie kipimo kuwa ushahidi: kiwango cha sukari, shinikizo la damu au wingi wa virusi.

Mgonjwa naye, asikiapo tangazo la tiba, ajiulize maswali manne. Ni nani anayesema, na anapata faida gani? Uponyaji umethibitishwa kwa vipimo au kwa ushuhuda tu? Dawa moja inadaiwa kutibu maradhi mengi yasiyohusiana? Anatakiwa kuacha dawa za hospitali? Jibu la swali la mwisho likiwa ndiyo, asiache kidonge hata kimoja kabla ya kuzungumza na mhudumu wake.

Aliyekwisha kuziacha asijifiche kwa aibu. Arudi kliniki mapema, aeleze alichotumia na tangu lini, ili apimwe na kurejeshwa katika tiba. Kliniki nayo impokee kama inavyompokea mgonjwa mwingine yeyote, kwa maana kuchelewa kwake kwa wiki chache zaidi kunaweza kumgharimu uhai.