Chaneli 21 Iko Wapi?

Muulize fundi wa antena wa Nairobi au London chaneli 21 ya UHF iko wapi, atakuambia iko kati ya megahezi 470 na 478. Wa Chicago atataja 512 hadi 518. Wa Tokyo, 518 hadi 524. Wote wamesema kweli. Marekani na Japani ziliikata bendi hiyo vipande vya megahezi 6, Australia 7, Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika 8, wala hazikuanza kuhesabu mahali pamoja. Italia ya enzi za analojia ilitumia herufi kwenye VHF badala ya namba.

Mwenye king'amuzi haoni taabu hii, kwa sababu kifaa chake kimetengenezwa kwa ajili ya soko analoishi. Walioiona ni waandishi wa programu huria za kutazamia televisheni kwenye kompyuta. Programu ya xawtv ilibeba jedwali lake la masafa, tvtime ikabeba lake, na VDR, kazi ya Mjerumani Klaus Schmidinger, ikawa na faili lake. Aliyehama programu moja kwenda nyingine alianza upya kutafuta chaneli. Dawa yake ni muundo mmoja wa faili ambao programu zote zinausoma, na kuubuni ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa.

Mafaili mengi ya zamani yalipanga kila kitu kwenye mstari mmoja: masafa, upana wa chaneli, kisha vigezo vingine, na maana ya kila thamani ilijulikana kwa nafasi yake tu. Katika VDR vipengele hutenganishwa kwa nukta mbili, kwa hiyo kituo chenye nukta mbili ndani ya jina lake hubadilishiwa alama ili mstari usivunjike. Mpangilio huo wa mstari mmoja uliwafaa watu wa DVB-T, kiwango cha televisheni ya dijitali ya ardhini cha mwaka 1997. Mwaka 2009 ikaja DVB-T2, inayoweza kubeba mikondo kadhaa ya data ndani ya masafa yaleyale, na kila mkondo una namba yake. Namba hiyo iwekwe wapi? Ukiichomeka katikati ya mstari, kila kinachofuata kinasogea, na programu ya zamani inasoma kitu kingine kabisa.

Mradi wa LinuxTV ulijibu kwa muundo uitwao DVBv5, ambao kila thamani imeandikwa na jina lake: DELIVERY_SYSTEM = DVBT2, chini yake FREQUENCY = 474000000, chini yake BANDWIDTH_HZ = 8000000. Kigezo kipya kinaongezwa bila kugusa vya zamani. Hapo naona walipatia.

Ila vipimo bado vinanisumbua. VDR hukubali masafa ya mnara wa ardhini kwa megahezi, kilohezi au hezi, kisha huzidisha kwa 1,000 mpaka namba iwe kubwa ya kutosha. Ni kubahatisha, hata kama kwa kawaida kunafaulu. Desimali nazo zina mitego: Mjerumani huandika 471,25 pale Mwingereza anapoandika 471.25. Na Japani, chaneli 13 ya dijitali ina kitovu chake kwenye megahezi 473 na sehemu moja ya saba. Kwa megahezi kamili sehemu hiyo hupotea. Kwa hezi unaandika 473142857 na tofauti haifiki hezi moja.

DVBv5 yenyewe haikuokoka. FREQUENCY ya mnara huandikwa kwa hezi, ya setilaiti kwa kilohezi, jina likiwa lilelile. Ndani ya programu masafa hubebwa kwa namba ya biti 32, ambayo ukomo wake ni 4,294,967,295, na setilaiti inayorusha kwenye megahezi 11,747 ingehitaji hezi 11,747,000,000. Haiingii. Lakini faili la maandishi halina ukomo huo, na ufinyu wa namba hiyo haukupaswa kuhamishiwa humo. Atakayebuni muundo wa pamoja aandike hezi kila mahali, kwa namba kamili, ataje nchi na tarehe ya jedwali, na kazi ya kugeuza vipimo aiachie programu.