Maji ya rejeta: gharama ndogo inayolinda mtaji wa mwenye gari kuukuu

WAFANYABIASHARA wengi wenye pikapu, teksi na magari madogo ya mizigo hupiga hesabu ya mafuta kila siku, hesabu ya tairi kila mwaka, na hesabu ya oili kila wanapokumbushwa na fundi. Hesabu ya maji ya rejeta haipigwi kabisa. Yakipungua huongezwa ya bomba, na safari inaendelea. Wiki hii ukurasa huu unaeleza kwa nini uzoefu huo ni hasara, na jinsi mwenye gari anavyoweza kusafisha rejeta na kuweka kulanti mpya mwenyewe nyumbani kwa nusu siku.

Tuanze na hasara yenyewe. Chukua mfano wa mfanyabiashara anayepakia bidhaa za dukani Dar es Salaam kwenda Iringa, na kurudi na nyanya za Ilula. Gari linapanda Kitonga likiwa na mzigo, geji ya joto inapanda nalo, na kabla ya kufika juu mvuke unatoka mbele. Akiwa na bahati atasubiri lipoe, aongeze maji na kuendelea. Akikosa bahati gasketi ya silinda hedi imeungua au hedi yenyewe imepinda. Hapo atalipa gari la kuvuta, seti ya gasketi, kazi ya kusawazisha hedi kwenye karakana ya mashine, oili mpya na ujira wa fundi. Juu ya hayo kuna siku ambazo gari halikuingiza kitu, na nyanya za watu zinazosubiri shambani. Upande wa pili wa mizani kuna galoni moja au mbili za kulanti na maji safi. Mwenye duka la spea Gerezani atakupa bei za siku za pande zote mbili. Zichukue uzilinganishe mwenyewe.

Wapo wanaosema kulanti ni ya nchi za baridi, kwa sababu kazi yake ni kuzuia maji yasigande. Kazi hiyo ni kweli ipo, na wenye magari wa Njombe na Makete, ambako asubuhi za Juni na Julai huwa na sakitu, wanaielewa. Lakini kwetu sisi wengi faida kubwa iko kwingine. Kulanti ina dawa zinazozuia kutu. Injini nyingi za zamani zina bloku ya chuma na hedi ya aluminiamu, rejeta ya shaba au aluminiamu, na hapo katikati maji yanapita moto. Metali tofauti ndani ya maji yenye chumvi hufanya kazi kama betri: moja huliwa. Maji yale ya rangi ya chai unayoyaona ukifungua kifuniko si uchafu ulioingia kutoka nje. Ni injini yako inayoyeyuka kidogo kidogo.

Faida nyingine ni kwamba mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji huchemka kwenye nyuzi joto karibu 106 za Selsiasi, wakati maji matupu huchemka kwenye 100 pwani na karibu 95 katika mji wa Iringa, kwa sababu ya mwinuko. Kifuniko cha rejeta huongeza kiwango hicho kwa kubana mvuke. Namba kama 0.9 au 1.1 iliyochapwa juu ya kifuniko ndiyo kipimo cha mgandamizo huo. Kifuniko kilichochoka mpira hakibani, na gari hupoteza nyuzi karibu 20 za usalama wake bila mwenyewe kujua. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote tutakavyovitaja hapa, na ndicho cha kwanza kubadilisha.

Sasa ununuzi. Kulanti inauzwa kwa namna mbili: ile nzito isiyochanganywa, na ile iliyochanganywa tayari, ambayo mara nyingi huandikwa 50/50. Lita 4 za nzito hutoa lita 8 za kutumia, lakini lita 4 za 50/50 ni lita 4 tu, na nusu ya ulicholipia ni maji. Mnunuzi asiyesoma karatasi ya galoni anaweza kudhani amepata nafuu kumbe amenunua maji kwa bei ya juu. Rangi nayo isikudanganye. Kijani, nyekundu, waridi na buluu ni uamuzi wa kiwanda, wala si kipimo cha aina. Soma kilichoandikwa, ukifananishe na kitabu cha gari. Usichanganye aina mbili, kwa kuwa dawa za aina moja zinaweza kuua za nyingine au kutengeneza utando mzito. Na jihadhari na vichupa vya bei ya kutupa visivyo na jina la kiwanda: maji yenye rangi ya kijani hayana tofauti na ya bomba ila rangi.

Kuhusu maji ya kuchanganyia, hapa ndipo watu wa pwani wanapoumia zaidi. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi, na kuyachemsha hakuondoi chumvi hiyo. Yanayofaa ni yale yaliyokenekwa, yanayouzwa kwa ajili ya kuongeza kwenye betri. Mwambie muuzaji wazi kwamba unataka maji matupu na si asidi, kwani baadhi ya maduka huviita vyote viwili maji ya betri. Ukiyakosa, maji ya mvua yaliyokingwa safi, baada ya mvua ya kwanza kuosha bati, ni afadhali kuliko ya kisima.

Kazi huanza gari likiwa limelala usiku kucha. Hili halina mjadala. Rejeta ya moto ikifunguliwa humwaga maji yanayochemka usoni mwa anayefungua. Egesha mahali pa tambarare, weka mawe kwenye tairi, fungua kifuniko, na kama gari lina hita lisukume hadi kwenye moto ili maji ya humo nayo yatoke. Weka beseni chini ya rejeta, kisha fungua koki iliyo chini yake. Kwenye magari ya zamani koki hizi ni za plastiki na huvunjika kirahisi. Ikikataa usiitie spana kwa nguvu. Legeza kibano cha mpira wa chini na utoe maji hapo. Bloku ya injini pia huwa na nati yake ya kutolea maji, ila iliyokaa miaka mingi bila kuguswa ni bora uiache.

Pima maji yaliyotoka. Gari dogo la saluni hubeba kwa kawaida lita 5 hadi 7, pikapu ya dizeli zaidi ya hapo, na kitabu cha gari kitakupa kiasi kamili. Ikiwa kitabu kinasema 6 na beseni lina 4, basi lita 2 bado zimo ndani ya injini, na utazihitaji kwenye hesabu ya kuchanganya.

Funga koki, jaza maji safi, washa injini na iache ingurume mpaka mpira wa juu wa rejeta uwe moto. Hiyo ni dalili kwamba themostati imefunguka na maji yanazunguka kote. Zima, subiri ipoe kabisa, mwaga. Rudia. Gari lililotunzwa hutoa maji meupe kwa mara ya pili. Lililonyweshwa maji ya kisima kwa miaka linaweza kudai mara nne au tano. Usifanye haraka kwa kumimina maji baridi kwenye injini ya moto, maana hedi hupasuka kwa mtindo huo huo. Kwa mara hizi za kusuuza maji ya bomba yanatosha, mradi mara ya mwisho utumie yale yaliyokenekwa.

Hapa kuna tahadhari ambayo mafundi wengi hawaisemi. Katika rejeta kuukuu, kutu na magadi ndivyo vilivyoziba matundu. Ukisafisha, hasa kwa dawa kali, rejeta iliyokuwa haivuji inaweza kuanza kuvuja. Usafi haukuitoboa, ilikuwa imetoboka tayari. Hata hivyo fedha ya kuichomelea au kuinunua nyingine itatoka mfukoni mwako wiki hiyo, kwa hiyo usianze kazi hii siku moja kabla ya safari ya Mbeya. Yai na dawa za kuzibia zinazomiminwa ndani huziba tundu, na huziba pia njia nyembamba za rejeta na hita. Ni za kufikia nyumbani, si za kufanyia biashara.

Wakati rejeta iko tupu, itazame themostati. Desturi ya kuitoa na kuitupa, eti nchi yetu ni ya joto, imeenea mno na imekula injini nyingi. Injini isiyo na themostati hukaa baridi muda mrefu, hula mafuta zaidi na huchakaa upesi. Kuna ubaya mwingine. Katika injini nyingi za Toyota themostati ina kisahani cha pili ambacho hufunga njia ya mkato pale injini inapopata moto. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemsha mlimani kwa sababu ya kile kile kilichotolewa ili lisichemshe. Kuipima ni rahisi: itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayopata moto. Nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 au 88, na namba huchapwa juu yake. Isiyofunguka maji yanapochemka ni ya kutupa. Unapoirudisha, kivalvu chake kidogo cha kutolea hewa kiwe juu.

Ibonyeze mipira ya maji pia. Uliolainika kama uji au uliopasuka ubadilishe leo, kwa kuwa utapasukia Mikumi saa nane mchana.

Kujaza sasa. Kama gari linabeba lita 6, mimina kwanza lita 3 za kulanti nzito, kisha maliza kwa maji yaliyokenekwa. Ukichanganya pembeni nusu kwa nusu ukajaza, zile lita 2 zilizobaki ndani zitaufanya mchanganyiko kuwa mwepesi. Hapo ndipo kipimo cha beseni kinapolipa: nafasi iliyopo ni lita 4, tatu za kulanti na moja ya maji. Ukinunua ile ya 50/50 huwezi kufikia nusu kamili kwenye gari lenye maji yaliyobaki. Kwa upande mwingine, kujaza kulanti tupu bila maji si ubora. Maji hubeba joto vizuri kuliko kulanti, na gari lenye kulanti tupu hupoa vibaya.

Mimina polepole ili hewa itoke. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, hita ikiwa kwenye moto, ukiminyaminya mpira wa juu. Maji yatashuka, ongeza. Endelea mpaka mpira wa juu uwe moto na hita itoe hewa ya moto, kisha funga kifuniko na ujaze tanki la akiba kati ya mistari miwili. Katika magari ambayo rejeta iko chini kuliko injini, egesha pua ikielekea mlimani. Kesho yake asubuhi, gari likiwa baridi, angalia tena, na ufanye hivyo kwa siku 3 au 4.

Mapovu yasiyokwisha, moshi mweupe nyuma baada ya injini kupata moto, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni habari nyingine. Hiyo ni gasketi, na kulanti mpya haitaiponya. Peleka kwa fundi kabla ya kutumia fedha zaidi.

Kulanti iliyotoka ni sumu. Ina ladha tamu, hivyo watoto, mbwa na paka huinywa, na kiasi kidogo kinaua figo. Iweke kwenye dumu lenye kifuniko na alama, wala usiimwage kwenye mtaro, shamba wala karibu na kisima. Aliyeinywa apelekwe hospitali mara moja, hata kama anaonekana mzima.

Kulanti ya kawaida ya kijani hubadilishwa kila miaka 2 au kilometa 40,000. Za muda mrefu hufuata maandishi ya kiwanda. Andika tarehe na kilometa kwenye karatasi uibandike chini ya boneti. Karatasi hiyo ina thamani siku ya kuuza. Nawe ukiwa mnunuzi wa gari lililotumika, kabla ya kusikiliza redio na kupiga teke tairi, omba lifunguliwe rejeta likiwa baridi. Maji ya rangi ya kutu ni sababu halali ya kushusha bei kwa kiasi cha rejeta nzima, na dalali anayekataa kifuniko kifunguliwe amekwishakujibu.