Safari za Maji Kutoka Kigoma: Familia Ipande Chombo Gani?

Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita zipatazo 670, limegawanywa baina ya nchi nne, lakini jamaa za Ujiji hazikugawanyika pamoja nalo. Kaka yuko Ujiji, mjomba yuko Buyenzi mjini Bujumbura, shangazi aliolewa Kalemie. Inapokaribia arusi, au inapopokewa habari ya msiba, ofisi ya msikiti hujiwa na watu wanaotaka barua ya utambulisho, na swali linalofuata ni lile lile: tupite wapi? Wengi hawana gari, na hata wangekuwa nalo lisingewavusha maji.

Swali hili ni la kale. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Ujiji wakitamani chombo cha kuzungukia ziwa. Waliambiwa kuwa jahazi la kufaa lilikuwa mikononi mwa Sheikh Hamed bin Sulayyim, ng'ambo ya pili, katika kisiwa cha Kasenge. Speke akavuka kwa mtumbwi, akapatwa na dhoruba, mdudu akamwingia sikioni usiku, na mwishowe akarejea bila jahazi. Baadaye wote wawili wakaenda hadi Uvira kwa mitumbwi ile ile waliyokuwa wakiikwepa. Msafiri wa leo naye huenda akakuta kwamba chombo alichokitaka hakipo, naye akashawishika kupanda kilichopo.

Hapo ndipo penye hatari. Boti za mbao zenye injini ndizo nyingi, nazo ndizo zinazofika kila kijiji. Sina ugomvi nazo kwa mwendo mfupi wa mchana kandokando ya pwani, kama kutoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini. Lakini kuvuka ziwa usiku, mizigo ya dagaa na magunia ikiwa imepangwa hadi kingo, watoto wakiwa wamelala juu yake, ni jambo jingine kabisa. Maji haya yana kina kinachofikia mita 1,470, na duniani ni ziwa Baikal pekee linaloyapita. Hata chombo kikubwa hakina dhamana: Desemba 2014 meli Mutambala ilizama upande wa Kongo, wakafa watu zaidi ya 100. Baina ya Mei na Septemba upepo wa kusini huvuma kwa nguvu, na mawimbi yake hayafanani na ya mto.

Wapo wanaojibu kuwa ajali ni kadari. Ni kweli, nasi tunaamini kadari. Lakini mafundisho ya kumfunga ngamia kwanza, kisha kumtegemea Mwenyezi Mungu, yanajulikana hata na watoto wa madrasa. Jaketi la kuokolea maisha ndiyo kamba ya ngamia huyo. Nahodha asiyekuwa na jaketi la kumtosha mwanao, mwache aende.

Kwa anayekwenda Bujumbura, maoni yangu ni kwamba mwenye mtoto mchanga au mzazi mzee apite nchi kavu kwa basi, kupitia mpaka wa Manyovu, kisha ateremke upande wa Burundi hadi barabara ya kando ya ziwa. Safari inachosha, lakini haizami. Kwa Kalemie na Uvira, ulizeni kwanza bandarini kama ipo meli yenye leseni ya kuchukua abiria, maana meli ya mizigo si meli ya abiria hata kama mabaharia wake ni wakarimu. Ulizeni pia hali ya usalama. Upande huo hubadilika upesi, na arusi yaweza kuahirishwa.

Kusini ni habari ya Liemba. Kwa miaka mingi meli hiyo ilikuwa ikiondoka Kigoma Jumatano na kufika Mpulungu, Zambia, Ijumaa asubuhi, ikisimama nje ya vijiji ambako abiria na kuku wao huletwa kwa mitumbwi. Imepitia vipindi virefu vya matengenezo, hivyo asifunge mtu mizigo kabla ya kupata jibu la ofisi ya meli. Umri wake si siri: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuteremshwa majini Kigoma mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wabelgiji waliishambulia kwa ndege zenye kutua majini, zilizokuwa na kituo chao upande wa Kongo. (Wanaoniuliza kama zipo ndege za namna hiyo za kuwavusha abiria leo, jibu ni hapana, ziwa letu lilizijua kwa mabomu.) Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka huo, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina lake la sasa. Mei 2015 ndiyo iliyowachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga, safari baada ya safari.

Hati zisisahaulike. Burundi na Kongo zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, Zambia haimo. Kila mtoto awe na hati yake ya kusafiria, na kila msafiri awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kwa masharti ya viza, waulizwe Uhamiaji, asiulizwe kuli wa bandarini.

Ama ibada, Bujumbura, Kalemie na Mpulungu zote zimevuka masafa ya qasri katika madhehebu ya Shafii, Gombe haijavuka. Faradhi husaliwa kwa kusimama, isipokuwa kwa anayechelea kuanguka au aliyeshikwa na kizunguzungu, huyo atakaa. Kibla hapa kwetu ni kaskazini kuegemea mashariki kidogo: anayekwenda Kalemie huelekea tezi, anayerudi huelekea omo, na chombo kikigeuka naye hugeuka. Maji ya udhu yatekwe kwa ndoo yenye kamba. Asiiname mtu ukingoni.

Tena kuna saa. Burundi, Kongo ya mashariki na Zambia ziko nyuma yetu kwa saa moja, ilhali jua halijui mipaka. Katika Ramadhani, aliyerekebisha saa yake ya mkononi Bujumbura kisha akarejea Kigoma bila kuisogeza mbele, anaweza kuwa bado anakula daku wakati alfajiri imekwisha kuingia.