Blanketi Lina Ncha Mbili

Saa moja asubuhi, katika nyumba kuu ya masista wa Mama Teresa mjini Kolkata, India, hakuna kuchagua kifungua kinywa: chai ya maziwa, mkate mweupe na ndizi. Jana ilikuwa hivyo na kesho itakuwa hivyo. Wanaokula ni watu wa kujitolea waliokuja kwa nauli zao wenyewe kutoka kila pembe ya dunia. Viti havitoshi, kwa hiyo wengi husimama, kikombe mkono huu, ndizi mkono huu, na mkibanana namna hiyo huwezi kujifanya humwoni mwenzio. Mfamasia wa Madrid atamuuliza mwanafunzi wa Osaka maswali mawili ambayo kila mgeni huulizwa: umefika lini, na unaondoka lini? Cheo cha mtu na dini yake ni habari za baadaye, pengine zisifikiwe kabisa. Wapo wanaotoka kwenye misa ya alfajiri, wapo wasiosali popote, na chai ni ile ile.

Nawaita jamii, wala sifanyi mzaha. Watu wenyewe hubadilika kila wiki. Wahispania hujaa Julai na Agosti, wakati wa likizo kwao. Wajapani huongezeka mwezi wa pili na wa tatu, vyuo vyao vikifungwa. Desturi hazibadiliki. Aliyefika wiki mbili zilizopita humrithisha aliyefika jana, na tayari mbele ya huyo wa jana yeye ni mzee wa mji.

Chai ikiisha husomwa sala fupi, kisha wanaoaga siku hiyo huitwa katikati na wenzao huwaimbia wimbo wa kushukuru huku wakipiga makofi. Wimbo wenyewe ni wa kitoto kidogo. Watu wazima hulia. Baada ya hapo kila mmoja hushika njia yake: wengine Shishu Bhavan kwa watoto, wengine Daya Dan kwa watoto wenye ulemavu, wengine Prem Dan, na wengine hupanda basi hadi Kalighat.

Kalighat ndiko iliko Nirmal Hriday, nyumba ambayo Mama Teresa aliifungua mwaka 1952 kwa ajili ya watu waliookotwa barabarani wakiwa mahututi. Jengo lilikuwa la kupumzikia mahujaji, pembeni kabisa mwa hekalu la mungu wa kike Kali, na halmashauri ya jiji ndiyo iliyompa. Si hospitali ya upasuaji wala ya mashine. Kuna wodi ya wanaume na ya wanawake, vitanda vya chini vilivyopangwa safu kwa safu, dawa, bandeji na maji mengi. Anayefariki huzikwa au huchomwa kwa taratibu za dini yake, awe Mhindu, Mwislamu au Mkristo.

Kwetu mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Kalighat humfunga aproni siku ya kwanza. Kazi iliyojenga urafiki mwingi kuliko zote ni kufua, ambako kwa miaka mingi kulifanywa kwa mikono: mmoja anasugua, wa pili anasuuza, wa tatu anasuuza tena, wengine wanapandisha nguo darini kuanika. Blanketi lililolowa ni zito, mtu mmoja hawezi kulikamua. Hushikwa na wawili, kila mmoja na ncha yake, wakasokota. Sasa wageni wasio na lugha moja hutazamana usoni na kusokota wote kwa mtindo mmoja kama mtu na kioo chake, na blanketi linazunguka tu bila kutoa tone. Mmoja lazima ageuze mikono. Kicheko cha hapo ndicho utambulisho wao. Majina huja baadaye. Beseni nalo halijui mkubwa: Jerry Brown, aliyekuwa gavana wa California, alikuja kujitolea kwa masista hawa mwishoni mwa miaka ya 1980, akapangiwa kazi kama wengine.

Mtu aliyekulia Tanzania hapo huona jambo moja haraka. Hospitali zetu zimezoea ndugu: shangazi ndiye anayeleta uji, mdogo wa mgonjwa ndiye anayemgeuza usiku, na muuguzi huja na sindano. Nirmal Hriday inampokea asiye na shangazi. Kwa hiyo Mkorea wa miaka ishirini humkata kucha mzee wa Bengal, humnyoa ndevu, humpaka mafuta miguuni na kumlisha wali kijiko kwa kijiko. Lugha hawana, isipokuwa maneno machache ambayo kila mgeni hufundishwa mapema: jol, maji; byatha, maumivu. Wanaowafundisha ni akina mama wa Kibengali walioajiriwa pale, ambao wote huwaita mashi, mama mdogo. Mashi hawana maneno mengi. Ukimnywesha mgonjwa akiwa amelala chali, mashi atakunyang'anya kikombe, amwinue mgonjwa kichwa, akurudishie kikombe, aende zake.

Lawama zipo, na nyingine ni za haki. Mwaka 1994 Robin Fox, aliyekuwa mhariri wa jarida la kitabibu The Lancet, aliandika baada ya kuitembelea nyumba hii kwamba wagonjwa wanaoweza kupona hawakutenganishwa vya kutosha na wasioweza, na kwamba dawa kali za kutuliza maumivu zilikosekana. Mimi sioni namna ya kumpinga. Mapenzi ya kijana mwenye likizo ya wiki tatu hayawi badala ya mofini, na tujiulize pia kama mzee yule aliyelishwa leo na Mkorea, kesho na Mwitaliano, anawatofautisha, au anaona mikono tu inayobadilika. Wauguzi waliomo miongoni mwa wanaojitolea hulijua hili kuliko wengine. Mabishano yao kuhusu vidonda vya mgongoni na namna ya kuvifunga huanzia wodini, na huwa hayaishi mchana huo.

Huendelezwa jioni mtaa wa Sudder, kwenye nyumba za wageni za bei nafuu. Masista hawatoi malazi wala mshahara. Kila mtu hujilipia kitanda. Chai ya barabarani huuzwa katika vikombe vidogo vya udongo usio na rangi, ambavyo mtu akishakunywa huvitupa chini vikavunjika, na mgeni huhisi dhambi mara ya kwanza. Alhamisi ni siku ya mapumziko. Wengine hulala, wengine hupanda treni kituo cha Sealdah hadi Titagarh, ambako watu waliougua ukoma hufuma zile sari nyeupe zenye mistari ya buluu. Watu wa Tabora wanazifahamu; masista hawa walifungua nyumba yao huko mwaka 1968.

Kuaga kwenyewe kuna upande wa wimbo na upande wa mali. Anayeondoka humwachia anayebaki chandarua, ndala, kipande cha mche wa sabuni na ramani iliyochakaa. Halafu kundi la WhatsApp huchangamka usiku na mchana kwa miezi miwili mitatu, picha za harusi, picha za mbwa, ahadi za kutembeleana. Baada ya mwaka huwa wamebaki watatu au wanne wanaopigiana simu kweli kweli na kulala kwa mwenzao wakipita nchini mwake. Kwa niliyoyaona, hao si wale waliokesha pamoja vibarazani mtaa wa Sudder wakizungumzia maana ya maisha. Ni wale waliofua pamoja.