UZI: "Maji yamepimwa, dawa haikuonekana." Uliza, yamepimwa vipi?

1/ Mjadala wa maji hapa Mombasa huishia pale pale. Mmoja asema tunakunywa dawa za mashambani, mwenzake aibuka na karatasi ya maabara: "haikuonekana." Basi, kila mtu na kambi yake. Mimi nasomea siasa, si kemia, lakini hebu tulifungue hilo neno.

2/ Sisi wa Ganjoni hatulimi hata mchicha, inatuhusu nini? Maji yetu yatoka mbali. Chanzo kimoja ni visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki. Huko juu mto huo huo waitwa Athi, na unapita mashambani. Mvua inaweza kusukuma dawa ya magugu mtoni. Sisemi imo. Nasema swali ni halali.

3/ Ulaya, kikomo cha dawa moja ni maikrogramu 0.1 kwa lita. Maikrogramu ni gramu ukiigawa mara milioni. Sasa mashine isiyoona chini ya 10 itaandika "haikuonekana" hata ikiwa ziko 5. Hapo umepita kikomo mara 50 na karatasi ni safi!

4/ Ndiyo maana dawa hukusanywa kwanza. Maji lita 1 hupitishwa kwenye unga wa kunasa, mfano mirija ya kaboni iliyo myembamba kuliko unywele mara maelfu. Kwa udogo huo, unga kidogo tu una nafasi kubwa ya kunasia. Kisha dawa huoshwa kwa mililita 1 ya kiyeyusho. Ikinaswa yote, imekolea mara 1000, mashine itaiona. Lakini unga unaonasa atrazini waweza kuiachia glifosati ipite.

5/ Na ikionekana? Kwa atrazini, Shirika la Afya Duniani lasema 100, Marekani 3, Ulaya 0.1. Maji yenye 2 yanafaulu kwa wawili, yanafeli kwa mmoja. Kuchagua kikomo ni uamuzi wa kisiasa, na wanaoamua wanatakiwa watueleze.

6/ Kwa hiyo mgombea akipunga karatasi, muulize: mlitafuta dawa gani? Mashine inaona kuanzia ngapi? Kikomo cha nani? Sampuli ilichotwa kiangazi au baada ya mvua?

7/ Katiba kifungu cha 43 chatupa maji safi na salama, cha 35 chatupa haki ya taarifa. Sheria ya 2016 yaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Andika barua, tuma, weka nakala.