Uarabuni siyo Maili Moja!

Juzi nilitoka kwangu Kibaha, Maili Moja, nikaenda Kisarawe kumuaga binamu yangu anayekwenda kufanya kazi za ndani Dubai. Kufungua begi, nakuta tramadol! Shangazi kamfungia, eti ya mgongo.

“Mdogo wangu, hii kule ni soo,” nikamwambia. Bila cheti cha daktari na kibali cha serikali yao, unaweza kulala mahabusu. Tukaitoa.

Halafu pasi. Mwaka 2017 Human Rights Watch ilieleza habari za Watanzania waliopokonywa pasi na waajiri Oman na Falme za Kiarabu. Tukatoa fotokopi mbili. Moja shangazi kaifunga kwenye pindo la khanga, pamoja na namba ya ubalozi wetu mdogo wa Dubai.

Washikaji, ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho!