Tansiyo haibishi hodi

Ndugu zetu wa mugodi, na ninyi bamama, hapa Likasi tumezoea kusema: mwenye kubeba vyuma kutwa hawezi kupata ugonjwa wa moyo. Si kweli. Tansiyo haiumi, inaharibu mishipa polepole, hata ya mwenye nguvu.

Tuanze ku nyungu. Chumvi ya mutu mukubwa isipite gramu 5 kwa siku, ni kijiko kidogo kimoja, na ile ya Maggi inahesabiwa. Ukitia Maggi mu sombe, punguza chumvi. Makayabu iloweke usiku mzima, maji umwage. Lutuku tuipunguze. Tumbako tuiache: kiisha mwaka 1, hatari ya moyo inashuka karibu nusu. Mwenye kushinda ameketi ku mashini atembee dakika 30, siku 5 kwa juma.

Tupimwe. Ikipita 14 kwa 9 mara kwa mara, tumuone munganga. Dawa haiachwi eti kwa sababu tunajisikia muzuri.

Sisi wa sendika tutadai kipimo ku kazi, kama tunavyodai kofia na buti. Lakini chumvi ya ku sahani, hakuna patroni atakayetutolea.